Sura ya Saba: Sekunde Tisa

Inspekta aliandika jina lake katika daftari la getini pale mahakamani, kisha hakulirudisha daftari. Alianza kulisoma.

"Afande," mlinzi alimkumbusha, "hilo ni la kusaini, si la kusoma."

"Kilichoandikwa husomwa," alijibu, akarudisha kurasa nyuma mpaka Jumatano ya wiki iliyopita.

Wenzake kituoni walimwita Kobe, na jina hilo halikumkera. Alikuwa akisema kobe hafiki mapema, ila akifika hana haja ya kurudi nyuma kuokota alichokiacha. Alipata alichokitaka chini ya ukurasa. Jumatano, mchapaji wa mahakama alitoka saa kumi kamili jioni, kwa ruhusa, kumpeleka mama yake hospitali. Alhamisi aliingia saa saba na dakika tano mchana. Kobe alinakili mistari yote miwili katika kijitabu chake, akamrudishia mlinzi daftari kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi. Kikao cha nidhamu kilikuwa saa nane mchana.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Ndugu wawili walikuwa wakigombania nyumba ya urithi. Hukumu ilikuwa bado rasimu, haijasomwa wala kutiwa sahihi. Ijumaa asubuhi wakili wa kaka mkubwa aliingia mahakamani akiwa nayo mkononi, kurasa zote ishirini, akauliza ni mzaha gani huo. Alisema ilimfikia kwa barua pepe ya mahakama, Alhamisi saa saba na dakika kumi na mbili mchana. Ndani ya barua kulikuwa na sentensi moja tu: "Tafadhali pokea kilichoambatishwa." Haikuwa na jina la mwandikaji. Na kompyuta mpakato iliyotuma barua ile ilikuwa imefunguliwa dakika hiyohiyo na mchapaji. Hakimu alimsimamisha kazi kabla ya adhuhuri. Kikao kikimwona na hatia, angefukuzwa, na faili lake lingepelekwa kwa mwendesha mashtaka.

Kobe alianza na tarishi, kwa sababu kila aliyemuuliza alimnong'oneza habari za tarishi.

Tarishi alikuwa mtu mzima wa makamo yake, mwenye viatu vilivyong'arishwa mpaka vikaonyesha dari. Mahakama nzima ilimwita Risasi, maana kutoka masjala hadi getini, hatua sitini, yeye alitumia robo saa.

"Leo kweli maajabu," Risasi alisema akimkaribisha kwenye benchi la ukumbini. "Kobe kaja kukamata risasi."

"Niliambiwa nisiharakishe, nitakukuta palepale."

Walicheka wote wawili. Halafu Kobe akafungua kijitabu.

"Alhamisi saa tatu asubuhi ulikuwa ofisini kwa wakili wa kaka mkubwa. Ulikaa nusu saa."

"Nilikaa. Walinipa chai. Hapa ukimwomba mtu maji anakuuliza kama umejaza fomu."

"Ulipeleka nini?"

Risasi alichukua daftari la kupelekea barua lililokuwa pajani pake, akalifungua na kuweka kidole. Alhamisi: hati ya tarehe ya kusomwa hukumu, bahasha mbili, moja kwa wakili wa kaka mkubwa, moja kwa wakili wa mdogo. Sahihi za wapokeaji zilikuwapo. Pembeni palikuwa na neno moja: *kwa mkono*.

Kobe alisoma mstari ule, akasoma wa juu yake, akaendelea kupanda. Alirudi nyuma kurasa nne.

"Mwezi mzima huu hati za tarehe zimekwenda kwa barua pepe," alisema. "Naona hapa: barua pepe, barua pepe, barua pepe. Hii peke yake imekwenda kwa mkono. Kwa nini?"

"Mimi ni miguu tu, ndugu yangu. Hakimu alinikabidhi bahasha asubuhi, akasema peleka. Miguu haiulizi."

"Alizifunga mwenyewe?"

"Kwa mate yake."

"Na wewe, una ukoo na mmoja wa ndugu hawa?"

"Sina. Na ningekuwa nao ningempelekea mdogo, maana ndiye aliyeshindwa." Risasi akaziba mdomo kwa kiganja.

"Umejuaje nani ameshindwa?"

"Afande! Tangu Ijumaa nani hajui? Hata mlinzi anajua. Hata paka wa masjala anajua."

Hilo lilikuwa kweli. Kobe alipiga mstari chini ya maneno *kwa mkono* na kuinuka.

Mchapaji alikuwa nje ya chumba cha kikao ingawa zilibaki saa nne. Alikaa wima, bahasha ya kaki mapajani, mkoba miguuni. Alikuwa mama wa watoto pacha, na kwa miaka kumi na saba pale hakuna aliyemwita kwa jina jingine isipokuwa Mama Pacha.

"Umewahi, mama."

"Nikae nyumbani nifanye nini? Mama yangu kitandani ananiuliza kwa nini siendi kazini. Nimemwambia ni sikukuu. Ananiuliza, sikukuu gani hiyo ya siku nne?"

Kobe aliketi. "Nieleze sheria ya redio."

Mama Pacha alieleza bila kubabaika, kama mtu anayetaja njia ya kwenda kwake. Ndani ya kila kompyuta ya aina ile mna redio ndogo inayoiunganisha na mtandao bila waya. Hakimu haamini kitu kinachopita hewani. Kwa hiyo ameweka sheria: hukumu inapoandikwa, redio izimwe, na ibaki imezimwa mpaka hukumu isomwe. Ubavuni mwa mashine kuna kitufe na taa. Taa ikiwa ya buluu, redio iko hewani. Ikiwa ya machungwa, imezimwa.

"Jumatano ulipoondoka?"

"Machungwa. Niliiacha juu ya meza ya Hakimu, maana alitaka kuisoma rasimu. Mashine haikuzimwa. Ukifunga kifuniko inalala, ukikifungua inaamka na kila kitu mahali pake."

"Alhamisi ulipoifungua?"

"Machungwa pia."

"Tangu ulipoinua kifuniko?"

Alifungua kinywa kujibu, kisha akakifunga. Kobe alingoja. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kwamba mtu mkweli huchelewa mahali ambapo mwongo huwahi.

"Afande, sitaki kusema nisichokiona. Nikiinua kifuniko, huwa natafuta miwani kwanza. Haikai mahali pamoja. Nilipoivaa na kuanza kuandika nywila, taa ilikuwa ya machungwa. Hilo naweza kuliapia."

"Nani mwingine anayeijua nywila?"

"Hakimu. Basi."

"Miwani iko wapi sasa?"

Mama Pacha alipapasa mkoba, akapapasa mfuko, akaigundua kichwani. Kobe alikuwa ameshaanza kuitazama saa yake ya mkononi tangu alipouliza.

"Sekunde kumi na nne," alisema, akaandika.

Fundi wa kompyuta alifanya kazi katika chumba kisicho na dirisha kilichojaa nyaya. Alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa maneno, na ripoti iliyomtia Mama Pacha matatani ilikuwa na sahihi yake. Mashine yenyewe ilikuwa katika kabati, ndani ya mfuko uliotiwa lakiri tangu Ijumaa.

"Ripoti yako inasema, 'Redio iliwashwa na mtumiaji, barua ikatumwa, redio ikazimwa,'" Kobe alisoma. "Uliona hayo?"

"Sikuwapo, Afande. Nimeona nyayo. Barua haiwezi kutoka redio ikiwa imezimwa, na barua imetoka. Basi iliwashwa. Mtoto wa darasa la pili anaona hilo."

"Mimi sijaliona. Nionyeshe nyayo."

Fundi alivuta pumzi kama mwalimu mwenye mwanafunzi mzito, akafungua kumbukumbu za ruta, kile kisanduku cha ukutani kinachogawa mtandao jengo zima. Kila mashine inayojiunga huacha alama ya saa yake, na ikiondoka huacha nyingine. Aliteremka mpaka Alhamisi.

"Hii hapa. Saa saba, dakika kumi na mbili, sekunde nne, imejiunga."

"Na kuondoka?"

"Saa saba, dakika kumi na mbili, sekunde..." Fundi alisogeza uso. "Kumi na tatu."

"Sekunde tisa."

"Sekunde tisa."

"Niambie wewe unayejua," Kobe alisema taratibu. "Mtu aandike nywila, awashe redio, afungue barua, aandike anwani, aambatishe kurasa ishirini, atume, azime redio. Wewe mwenyewe, na wepesi wako wote, ungetumia muda gani?"

Fundi alihesabu kwa vidole. Alifika kidole cha nne akaacha.

"Labda aliitayarisha kabla."

"Kabla ya lini? Mashine ilikuwa imelala. Na mtu huyu hutumia sekunde kumi na nne kutafuta miwani iliyo kichwani mwake."

Fundi aligeuka akalitazama kabati. Uso wake haukuonyesha hasira. Ulionyesha kitu ambacho Kobe alikipenda kuliko ungamo lolote: udadisi.

"Tuifungue," fundi alisema.

"Ngoja. Kwanza uchomoe waya unaoleta mtandao kwenye ruta yako. Nataka mashine iione ruta, ila kisitoke kitu hata kimoja nje ya jengo hili."

"Unaogopa nini?"

"Sijui. Ndiyo maana naogopa."

Waya ulichomolewa. Kobe alikata lakiri, akaandika saa, akamtaka fundi aweke sahihi. Betri ilikuwa imekufa, wakaichomeka kwenye umeme na kuiwasha. Fundi aliandika nywila kutoka karatasi iliyofungwa pamoja na ushahidi. Wakazima redio kwa kitufe cha ubavuni. Taa ikawa ya machungwa. Wakaacha programu ya barua wazi, kama ilivyozoea kukaa, wakafunga kifuniko, wakangoja mpaka mashine ikanyamaza kabisa.

"Sasa usiangalie kioo," Kobe alisema. "Angalia taa."

Aliinua kifuniko.

Taa ilikuwa ya buluu.

Wote wawili waliinama hata paji la uso la mmoja likakaribia kugonga la mwenzake. Buluu ilidumu. Kobe alihesabu kwa saa yake. Mnamo sekunde ya kumi, kabla yeyote hajagusa kitu, taa iliyumba ikawa ya machungwa, ikatulia hivyo kana kwamba haijapata kuwa nyingine.

"Rudia," alisema.

Walirudia mara kumi. Mara nane ilikuwa vilevile. Mara mbili buluu ilipita upesi zaidi. Katika kumbukumbu za ruta kulikuwa na safu mpya ya alama: imejiunga, imeondoka, imejiunga, imeondoka.

Fundi aliketi sakafuni, mgongo ukutani.

"Nimeelewa," alisema. "Aisee, nimeelewa. Mashine ikilala, redio hukatiwa umeme. Ikiamka, redio hurudishiwa umeme, nayo haina kumbukumbu yake yenyewe. Inaamka ikiwa wazi, kama ilivyotoka kiwandani. Kumbukumbu ya kwamba ilizimwa iko kwa kompyuta, na kompyuta yenyewe inaamka kwa uzito, inatafuta hiki na kile. Ikifika zamu ya redio ndipo inakumbuka: ah, wewe, bwana wangu alikuzima. Inaizima tena."

"Kama mtu aliyeamshwa usingizini akaropoka siri, kisha akakumbuka ameapishwa."

"Hivyohivyo. Na programu ya barua haingoji nywila, Afande. Nywila ni mlango wa binadamu. Barua iliyokwisha kuagizwa itoke inangoja njia tu. Ikipata sekunde tisa, inatoka."

"Iliyokwisha kuagizwa," Kobe alirudia. "Kwa hiyo tusitafute nani alituma Alhamisi saa saba. Tutafute nani aliagiza, na lini. Barua ina saa ngapi?"

"Saa ya kutoka, nimekwambia, saa saba na..."

"Hiyo ya kutoka. Hata mimi nilizaliwa siku moja nikatoka hospitali siku nyingine."

Fundi aliinuka upesi. Aliifungua barua iliyotumwa, akaipekua mpaka katika maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Alisoma kwa sauti ya chini. Iliandikwa Jumatano, saa kumi na moja na dakika sita jioni.

Kobe alifungua kijitabu ukurasa wa kwanza wa siku ile, akauweka mbele yake. *Ametoka saa kumi kamili.*

"Hakuwapo," fundi alisema. "Na mimi nimeandika 'mtumiaji'. Niliangalia saa moja tu. Ee Mungu wangu, mama wa watu yuko benchini pale."

"Utajilaumu baadaye, nitakuja tulaumiane. Kuna kikasha cha barua zinazongoja?"

Kilikuwapo. Ndani yake mlikuwa na barua moja. Sentensi ileile, kurasa zilezile ishirini. Anwani ilikuwa ya wakili wa ndugu mdogo. Ilikuwa imeandikwa dakika mbili baada ya ile ya kwanza, na tangu Jumatano ilikuwa ikingoja njia, maana baada ya Alhamisi ile kifuniko hakikuinuliwa tena mpaka leo.

"Sekunde tisa zilitosha moja," fundi alisema. Aligeuka akautazama waya wa mtandao uliolala sakafuni, akausogeza mbali zaidi kwa mguu.

Saa saba na dakika ishirini, Kobe alibisha mlango wa Hakimu. Alikuwa na vitu vitatu mkononi: nakala ya barua inayongoja, kijitabu chake, na daftari la Risasi. Risasi mwenyewe alikataa kutengana na daftari lake, kwa hiyo alisimama mlangoni.

Hakimu alikuwa mzee mkavu, tai imebana, kalamu zimepangwa kwa urefu wao.

"Umempata?" aliuliza.

"Nina swali moja, Mheshimiwa. Alhamisi ulimkabidhi tarishi hati za tarehe azipeleke kwa mkono. Kwa nini hazikwenda kwa barua pepe kama nyingine?"

"Hilo lina uhusiano gani na wizi wa hukumu yangu?"

"Pengine halina. Nauliza kwa kutaka kujua."

"Kwa sababu mtandao ni takataka. Nilijaribu kuzituma mwenyewe Jumatano jioni, mchapaji alikuwa na ruhusa. Kila upande barua yake, kama utaratibu unavyotaka. Nikabonyeza, hazikwenda. Ndipo nikachapisha, nikazitia bahashani. Karatasi haijapata kunisaliti."

"Hazikwenda kwa sababu redio ilikuwa imezimwa."

"Naam, kwa sheria yangu..." Hakimu alisita. "Naam."

"Na uliambatisha hati ya tarehe."

"Nini tena ningeambatisha?"

Kobe aliweka karatasi mezani, akaielekeza upande wa Hakimu. Alirudi hatua moja nyuma, akasikiliza feni ya dari.

Hakimu alisoma anwani. Alisoma saa. Alifunua ukurasa wa pili, palipotakiwa kuwa na hati ya mistari mitano, akakuta maneno yake mwenyewe: *Mahakama imezingatia kwa makini ushahidi wa pande zote mbili.* Aliendelea kuyatazama muda mrefu kuliko inavyohitaji mtu kuyasoma maneno aliyoyatunga.

"Mafaili yote mawili yameitwa kwa namba moja ya shauri," alisema mwisho. "Yanakaa pamoja, moja juu ya jingine."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Lakini haikwenda. Niliona haikwenda."

"Ililala na mashine, ikaamka nayo. Fundi atakuonyesha. Inachukua sekunde tisa."

Mlangoni Risasi alibadilisha mguu wa kusimamia, viatu vikalia. Hakimu hakumtazama. Alisogeza kiti, akapanga upya kalamu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Ningeweza kusema mashine imenisaliti," alisema.

"Ungeweza. Na fundi angekubaliana nawe nusu. Nusu nyingine iko saa kumi na moja na dakika sita."

Kobe alijua kwamba karatasi ile peke yake isingemfikisha mbali. Asiyetaka kuisoma angeweza kuikalia mpaka saa nane ipite. Alihitaji mtu mmoja atoe sauti.

"Mwite mchapaji wangu," Hakimu alisema ghafla. "Nataka kuandika barua."

"Amesimamishwa kazi, Mheshimiwa. Hawezi kuingia ofisini."

"Nani aliye..." Hakimu hakuimaliza. Alitazama chini, akachagua kalamu ndefu kuliko zote, akavuta karatasi nyeupe.

Aliandika kwa mkono, mistari isiyozidi kumi, bila kufuta neno. Kobe aliona juu anwani ya mwenyekiti wa kikao, na chini yake sentensi ya kwanza: *Mimi ndiye niliyeituma.* Hakimu alitia sahihi, akakunja, akaifunga bahasha kwa mate yake, akamnyooshea tarishi.

"Ingiza daftarini. Kwa mkono."

Risasi aliandika, akampa Hakimu asaini, akapuliza wino ukauke. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane kasoro dakika sita. Kikao kilikuwa jengo la pili, ng'ambo ya ua, ghorofa ya juu.

"Ndugu yangu," Kobe alianza, "kama miguu itaweza..."

Hakuwa na wa kumwambia. Ukumbini viatu vilivyong'arishwa vilikuwa vikigonga sakafu kwa kasi, mlango wa ua ukabamizwa ukutani, na mtu fulani getini akapiga kelele kwa mshangao:

"Jamani, njooni mwone! Risasi anakimbia!"